Ua Usiopigiwa Hodi

Kwetu Baraka, mji wa ziwani, mtu hupiga hodi hata pasipo na mlango. Ua ukiwa wa matete mabovu, wenyewe wakionekana kabisa wameketi wanapepeta mchele, mgeni atasimama nje aseme hodi kana kwamba haoni kitu, na atangoja aambiwe karibu ndipo anyanyue mguu. Anayeingia bila hodi ana majina mawili tu: mwizi, au mulozi, yaani mchawi. Jina la tatu silijui. Ndiyo maana watu wazima wa mtaa wetu, wakimkumbuka Mwanahamisi msuka mikeka, huanza na msimu ule wa mvua, katika miaka ya hamsini, ambao uani kwake hakuna aliyepiga hodi, na mwenye ua hakuwa mchawi.

Mama yangu, Marthe, alipakana naye. Sisi tulikuwa Wakatoliki, Mwanahamisi alikuwa Mwislamu wa ukoo wa zamani wa ziwani, na kati ya nyua mbili palikuwa na tundu la kupitishia moto na chumvi. Mimi wakati huo nilikuwa mgongoni. Ninayoyaandika nimeyapokea kwa mama, aliyeyasimulia mara nyingi bila kubadili neno.

Mwanahamisi alikuwa mjane. Mumewe, fundi wa mitumbwi, alikufa kwa homa, na mdogo wa marehemu, Assani, akaja kama ilivyo desturi kuuliza habari ya kumrithi. Jibu alilopewa likabaki mdomoni mwa mtaa mzima: "Nilioleka kwa kaka yako, sikuoleka kwa ukoo." Assani alicheka, akaondoka, akaendelea kuwa shemeki wake wa utani. Alikuja karibu kila siku kunywa uji na kutukanwa.

Ua wake ulikuwa wa mwisho upande wa kinamasi. Nyuma yake palianza mafunjo, yakaenda mpaka mahali ambapo mto Mutambala unaingia ziwani. Mwanahamisi alikata mafunjo huko tangu usichana, na ndege wa huko aliwajua kama mtu anavyowajua majirani. Aliyempenda kuliko wote ni yule korongo mwenye taji la dhahabu, mashavu meupe na kishungi chekundu cha ngozi kooni. Wachungaji wanaoshuka na ng'ombe kutoka nyanda za juu humwita musambi, na sisi tukalichukua jina hilo. Musambi hutembea kwa heshima, kisha ghafla huanza kupiga miguu chini, puu, puu, puu, mpaka panzi waruke, naye awadonoe. Akiwa na mwenzake hucheza, huinama na kuruka mabawa wazi, bila sababu ambayo binadamu angeiona.

Zamani walikuwa wengi. Kisha mashamba ya mpunga yakafunguliwa, mifereji ikachimbwa, maji yakahamishwa, na viota, ambavyo musambi huvijenga katikati ya maji, vikabaki juu ya udongo mkavu kama vikapu vilivyosahauliwa. Tena kulikuwa na wategaji. Wazungu walipenda ndege huyu katika bustani zao, Fizi, Uvira, hata Albertville, mbali kusini, na wategaji walimpeleka huko amekatwa mabawa. Assani alikuwa mmoja wao. Hakuwa mtu mbaya. Ilikuwa kazi yake, aliifanya kwa ustadi, na jioni alileta samaki kwa wajane.

Mwaka mmoja kabla ya msimu ule usio na hodi, Mwanahamisi alikuta kiota kilichokaukiwa, mayai mawili ndani, na wazazi hawapo. Alingoja mbali mpaka jua likawa kali. Hawakurudi. Akayafunga mayai katika kitenge chake, akayaweka chini ya bata aliyekuwa analalia. Majirani walimwambia kuku ni mlezi bora. Alijibu kwamba kuku hukata tamaa mapema, bata ana subira ya kuzidi, na mayai haya ni ya watu wakubwa.

Assani alikuja akamtazama bata siku baada ya siku.

"Shemeki, hii bata italala mpaka lini? Inangoja kamio ya Uvira?"

"Inangoja batoto yake. Weye mama yako alikungoja myezi tisa, na mpaka leo bado kuiva."

Walitotolewa wawili, wa rangi ya majani makavu, miguu mirefu isiyojua pa kwenda. Wakawa watoto wa mtaa. Mwanahamisi alizungumza nao tangu alfajiri, akawaimbia alipokuwa anasuka, akawakaribisha mkekani. Na kwa kuwa ua wake haukukosa wageni, na kila mgeni alipiga hodi, na kila aliyeambiwa karibu alikuwa ameshika panzi au konzi ya mtama kwa ajili ya watoto hawa warefu, ndege wakajifunza. Ikisikika hodi, wanatoka mbio hata wakiwa nyuma ya jiko, shingo mbele, kuja kumlaki mgeni kabla mwenye nyumba hajajibu. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Wengine walipita kusema hodi tu, bila haja yoyote.

Mabawa yalipokomaa aliwapeleka kinamasini akawaacha. Walizunguka juu ya mafunjo, wakatua mbali, wakabaki huko. Alirudi nyumbani akala vizuri, mama anasema, kwa mara ya kwanza tangu mumewe afe.

Haikupita muda mrefu, Assani akaja uani, akaketi, akaanza kusimulia kama mtu anayetoa kichekesho.

"Shemeki, leo sikutega kamba. Nilikuta bale batoto yako beko mu majani. Nikasema ngoja nijaribu. Nikasema: hodi. Hodi tu. Banakuja wenyewe, banasimama mbele yangu kama wageni wa arusi. Nikawashika ku shingo."

Mwanahamisi alikuwa anashona ukili. Sindano ilisimama.

"Ulibapeleka wapi?"

"Fizi. Kwa muzungu mumoja wa bustani kubwa. Weye usikasirike. Kule banakula muzuri kupita sisi."

Hakumtukana, na hapo ndipo Assani alipojua kwamba amefanya jambo. Aliaga mapema siku hiyo.

Mwanahamisi alipata nafasi juu ya kamio, lori la kubeba pamba, akapanda milima mpaka Fizi, akaiulizia bustani akaonyeshwa. Alisimama nje ya ua wa miti iliyopunguzwa sawasawa, akawaona wote wawili kwenye majani mafupi. Bawa moja la kila mmoja lilikuwa limekatwa, na kwa hiyo walitembea wakiegemea upande, kama mtu mwenye mzigo. Hakuwaita. Alikuwa bado amesimama pale mwanamke muuza mayai alipokuja kwenye lango la bustani, akatua kikapu, akasema, "Hodi." Ndege wakaja mbio, shingo mbele, wakasimama ndani ya lango wakimtazama.

Muuza mayai akacheka. "Mama, unaona? Hizi ndege ziko na adabu kupita batu."

"Ni kweli," Mwanahamisi alisema. "Balifundishwa muzuri."

Nimeifikiria mara nyingi njia ile ya kurudi, miteremko yote ile mpaka uone ziwa na mlima wa Ubwari upande wa pili. Alikuwa amewapa kitu kizuri kuliko vyote tulivyo navyo, yaani kumpokea mtu asiyejulikana, na kitu hicho ndicho kilichowafunga. Sidhani alikiona kwa maneno haya yangu. Mama anasema alipofika alikunywa maji, akasema sentensi moja: "Bale bengine bakikuja, basinijue."

Wengine walikuja msimu uliofuata. Wanawake waliokuwa wanafyeka shamba jipya la mpunga walikuta mayai matatu, wakamwita, naye akangoja tena mpaka alipokuwa na hakika kwamba wazazi wamekwenda. Aliyaweka chini ya bata yuleyule. Kisha akamwita mama kupitia tundu la moto.

"Marthe, mudogo wangu, kutoka leo usipige tena hodi kwangu."

Mama, aliyemwita yaya, yaani dada mkubwa, alidhani amefukuzwa. "Yaya, nilikukosea nini?"

"Haukunikosea. Ni juu ya batoto."

"Batoto gani? Weye hauna batoto."

"Bale beko chini ya bata. Hata mu yai banasikiaka. Sitaki basikie sauti ya muntu. Hodi hapana, karibu hapana, hata kukohoa hapana."

"Sasa niingie namna gani? Kama mwizi?"

"Ingia kama ndugu bubu."

"Yaya, mimi mama yangu alinizaa na kinywa," mama alisema, na aliposimulia mahali hapa alicheka kila mara, kwa kuwa ni kweli.

Mwanahamisi alikwenda nyumba kwa nyumba kuomba jambo hilohilo. Wengine walikubali kwa huruma, wengine kwa mzaha. Lakini kukubali si kuweza. Watu walifika kwenye ua wake, wakasimama, miguu ikakataa. Mmoja alirudi nyumbani na sahani ya mihogo aliyomletea, kwa sababu hakujua namna ya kuvuka pale bila neno. Na maneno yasiyosemwa uani yakaanza kusemwa sokoni. Kwamba mjane yule anawafunga watu kinywa. Kwamba ameanza kuwazoeza majirani kuingia kimya, na kila mtu anajua ni nani huingia kimya.

Kapita, yaani mkuu wa mtaa, Alphonse, mtu mpole mwenye kofia, alitumwa kuuliza. Alifika mpaka mlangoni akashindwa kama wengine. Alivua kofia, akaivaa, akatazama mbinguni. Mwanahamisi alimwona kupitia matete, akatoka akamfuata barabarani.

"Mama," kapita alianza, "batu banakuja kwangu. Banasema kwako kuko bulozi."

"Kapita, mulozi anajulikanaka na nini?"

"Anaingiaka kwa batu bila hodi."

"Mimi niliingia kwa nani bila hodi?"

Alphonse akafikiri. "Hapana muntu."

"Ni bao ndiyo banaingia kwangu bila hodi. Sasa mulozi ni nani?"

"Mama, usinigeuzie baraza," kapita akasema, na wote wawili wakashindwa kuzuia kicheko. Kisha akaongeza kwa upole: "Lakini muntu hawezi kuingia hivi hivi. Moyo unakataa. Tafuta namna."

Akaitafuta namna, na akaipata katika kazi yake. Alisuka ukili mmoja mwembamba, mrefu, bila kuushona kuwa mkeka. Akaufunga mwisho mmoja kwenye nguzo ya mlango wa nje, akaupitisha juu ya ua na chini ya upenu, na mwisho wa pili akaufunga kwenye kifundo cha mguu wake alipoketi kusuka. Mgeni alivuta mara moja taratibu. Hiyo ilikuwa hodi. Mwanahamisi alivuta kwa mguu. Hiyo ilikuwa karibu. Kapita Alphonse alikuwa wa kwanza kuujaribu. Alivuta, akavutwa, akaingia amevua kofia, uso umejaa raha kama mtu aliyeelewana na nchi ya kigeni. Tangu siku hiyo watu waliingia. Kilichowakataza hakikuwa ukimya, kilikuwa kuingia bila kuomba.

Vifaranga walipotoka, bata alihamishiwa kwetu siku ileile, akalalamika kwa juma zima chini ya dirisha letu. Mwanahamisi alikuwa amezungushia sehemu ya nyuma ya ua mikeka mirefu, na yeye mwenyewe hakuonekana. Alikuwa amesuka kwa ukindu shingo na kichwa cha musambi, akakipaka masizi, mashavu akayapaka chokaa, kooni akashona kipande cha kitambaa chekundu, na taji akalifanya kwa nyuzi za katani. Mkono wake uliingia ndani ya shingo hiyo kama mguu katika soksi. Uliinama kupitia tundu la mkeka, ukadonoa panzi, ukamweka mbele ya mtoto. Nyuma ya mkeka, mwanamke mzima, mjane wa watu, alipiga miguu chini, puu, puu, puu. Baada ya muda watoto nao wakaanza kupiga vishindo vyao vidogo.

Mama aliwahi kuchungulia kupitia tundu la moto akamwona akifanya hivyo, jasho linamtiririka, kinywa kimefungwa. Anasema alitaka kucheka, kisha akaona uso wake, akaacha. Mwanahamisi alikuwa mwanamke wa maneno. Aliimba akisuka, aliongea na sufuria, alimjibu hata jogoo. Miezi yote ile alikaa na wale aliowapenda kuliko kitu chochote, umbali wa mkono mmoja tu kutoka kwao, na hakuwaambia hata jina lao. Mmoja alikufa mapema, bila sababu iliyoonekana. Alimzika nyuma ya jiko kimyakimya, kwa kuwa wale wawili walikuwa karibu, akaja kwetu, akaketi jikoni kwa mama, na hapo ndipo alipotoa sauti.

Idi iliangukia katikati ya kazi hiyo. Nyumba yake ilikuwa nyumba ya Idi tangu enzi za mumewe, na watu hawakutaka kuipita. Walikuja wamevaa vizuri, wakavuta ukili mmoja baada ya mwingine, wakaingia, wakashikana mikono midomo imefumbwa, wakaketi, wakala pilau bila kusikika hata kijiko. Bibi mmoja mzee alianza kutetemeka kwa kicheko, akajifunika ushungi, na mstari mzima wa wanawake ukatetemeka naye. Mama alikuwapo, nami mgongoni. Mwanahamisi alinitazama kwa hofu, kwa maana mtoto mchanga hajui miiko, akanitia kipande cha nyama mdomoni. Hiyo ndiyo sehemu yangu katika habari hii.

Kiangazi kilipokaribia, aliukunja mkeka wa nyuma unaotazama kinamasi. Asubuhi ile shingo ya ukindu ilitokea upande wa nje, mafunjoni, na wale wawili wakaifuata. Jioni walirudi. Kesho yake wakaenda mbali zaidi. Wakaanza kulala juu ya mti uliokuwa ukingoni mwa maji, kama wenzao. Kisha hawakurudi tena, na mkeka ukabaki umekunjwa.

Assani alikuwa amenyamaza msimu wote. Alivuta ukili kama wengine, alikunywa uji wake kwa ishara, na utani aliufanya kwa macho. Lakini ndege walipoondoka, alikuja akasimama barabarani na kusema kwa sauti, mama akisikia:

"Shemeki, kesho nitaenda kupigia batoto yako hodi."

Mama alimtazama Mwanahamisi, akingoja amsihi. Hakumsihi.

"Enda," alisema. "Kama banakuitikia, ubachukue. Ni bako. Hata mimi nitakusaidia kubafunga."

"Unasema kweli?"

"Nimesema."

Asubuhi, kabla Assani hajafika, wanawake wawili walikuwa tayari ndani ya mafunjo, Mwanahamisi na panga lake la kukatia, mama nami. Ndege walikuwa kwenye shamba lililovunwa, wanapiga miguu chini kati ya mabua. Mataji yalikuwa yameanza kuchomoza, mafupi, ya rangi ya majani makavu yaliyopigwa jua.

Assani alikuja polepole, kapu mgongoni, kamba kiunoni. Alisimama mahali pa wazi. Hakujificha, mwaka uliopita hakuhitaji kujificha. Akasema, kwa ile sauti laini ya mgeni aliyelelewa vizuri:

"Hodi."

Vichwa viwili viliinuka. Mmoja wa ndege akanyanyua mguu akaushika hewani. Mama anasema Mwanahamisi alikuwa ameukamata mkono wake kwa nguvu hata ukabaki na alama, na kwamba yeye mwenyewe aliomba kwa watakatifu wote aliowajua. Mguu ulikuwa bado hewani. Kisha ndege akainama kidogo, kama anayetaka kucheza, akafungua mabawa, na weupe wake ukawaka wote. Wakaruka wote wawili, wakilia ile sauti yao kama ya baragumu la mbali, juu ya mpunga, juu ya mafunjo, kuelekea mlango wa mto.

"Hodi," Assani aliita tena, sasa akitazama juu. "Hodi, jamani."

Ndipo kutoka mafunjoni ikatoka sauti ya kukwaruza, ya mtu ambaye hakuitumia vizuri kwa miezi.

"Karibu, shemeki."

Assani aligeuka, akamwona anatoka na panga, majani kichwani, uso umelowa. Kisha akalitua kapu chini.

"Hii ndege haina adabu," akasema. "Unapigia mwenyewe hodi, anatokea mulango ya nyuma."

"Haina adabu kabisa," Mwanahamisi alisema.

Walirudi pamoja. Assani ndiye aliyembebea mafunjo. Hakuacha kutega, nisidanganye. Aliendelea mpaka mgongo ulipomkataza. Wale wawili tu hakuwapata kamwe, na baadaye, walipoonekana na mtoto, aliileta habari hiyo yeye mwenyewe, mbio, kama baba mdogo.

Mama alitaka kuwa wa kwanza kuurudishia ua ule sauti yake. Alisimama barabarani akapiga hodi iliyosikika mpaka sokoni. Mwanahamisi akamjibu karibu, akaufungua ukili kwenye nguzo, akaushona kwenye mkeka aliokuwa nao, pembeni, ambapo unaonekana mwembamba kuliko wenzake. Mkeka huo hakuuuza.

Aliendelea kwenda kinamasini kukata mafunjo kwa miaka yake yote iliyobaki. Akikutana na misambi wale alisimama mbali, bila kuita. Hawakumjua. Walimwona mtu, na walifanya kama inavyompasa musambi anapomwona mtu. Naye alirudi na mzigo wake kichwani, akapita kwetu kuomba moto, na mama alimjua kwa uso hata kabla hajasema, ule uso wa mzazi aliyeletewa salamu kutoka mbali.

"Marthe," alisema, "leo balinikimbia tena."